Kompyuta kuukuu za mezani: jinsi ya kuzifungasha zifike zikiwa nzima

Swali: Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana, akaacha kompyuta tatu za mezani ambazo hakutaka kamwe kuzitupa: IBM XT pamoja na monita yake ya maandishi ya kijani, Macintosh Classic, na CPU ya kusimama ya Pentium 4 aliyoitumia hadi mwisho. Kaka yangu anaishi nchi nyingine na ameomba azitunze yeye. Nimepata boksi kubwa lililokuwa la friji, na mablanketi ninayo ya kutosha. Je, nikizipanga zote humo na kuzizungushia mablanketi zitafika salama? Mbili za kwanza hazijawashwa kwa miaka mingi.

Jibu: Marahaba, dada. Poleni sana kwa msiba, na nimefurahi kwamba mashine za baba zinabaki ndani ya familia.

Hapana, zisisafiri kwenye boksi moja, na mablanketi hayatazilinda. Kila mashine ipate boksi lake, monita lake, kibodi ya XT lake. Lakini maboksi tutayafikia baadaye. Kuna jambo linalotangulia, na wengi wanaofungasha kompyuta za zamani hawalioni: mashine hizi haziharibiwi sana na vitu vinavyozigonga kutoka nje. Zinaharibiwa na uzito wao wenyewe. Ndani ya lile kasha kuna vipande vizito vilivyoshikwa na vitu dhaifu: diski kuu inayoning'inia kwenye skrubu mbili tatu, kadi ndefu zilizochomekwa tu kwenye sloti, tyubu nzito ya kioo iliyofungwa kwenye plastiki iliyozeeka. Boksi likianguka, ganda ndilo linalosimama kwanza. Vilivyomo ndani vinaendelea na safari yao ya kushuka mpaka kitu kivisimamishe, na mara nyingi kinachovisimamisha ndicho kinachokatika.

Tufanye hesabu kidogo. Diski kuu ya XT, ile ya megabaiti 10, ina uzito wa kilo 2 hivi. Tuseme boksi limeanguka kutoka sentimita 60, na chini kuna blanketi lililokwisha kulaliwa likawa bapa, hivyo mashine inasimama ghafla ndani ya nusu sentimita. Nguvu inayoibana diski hiyo inakuwa kama mara 120 ya uzito wake, yaani kilo 240, zote zikitegemea skrubu zile chache. Mashine hiyohiyo ikisimama taratibu ndani ya sentimita 2 na nusu za sponji ngumu inayobonyea, nguvu inashuka hadi mara 24 hivi, sawa na kilo 48. Na kama diski umekwisha kuitoa ukaifunga peke yake, kasha la XT halina hata hizo kilo 48 za kuzibeba. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: kupunguza uzito ulio ndani ya mashine, na kuipa mashine nafasi ya kusimama polepole.

Usidhani nazungumzia ajali ya nadra. Shirika la International Safe Transit Association, ISTA, lina jaribio la msingi la vifungashio linaloitwa 1A. Boksi moja huangushwa mara 10: mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo zinazokutana kwenye kona hiyo, kisha kwa nyuso zote sita. Boksi lisilofika kilo 10 huangushwa kutoka sentimita 76. La kilo 10 hadi 19 kutoka sentimita 61. La kilo 19 hadi 28 kutoka sentimita 46. Urefu unapungua kadiri mzigo unavyokuwa mzito kwa sababu watu hawaunyanyui juu sana. Zingatia zile nyuso sita: hata upande ulioandika "JUU" na kuchora mshale huangushwa. Mishale ichore, kwani haidhuru, lakini fungasha ukijua boksi litalala kifudifudi, kichalichali na ubavu.

Anza na betri, kabla hata ya kutafuta maboksi. Betri ni hatari kuliko kuanguka, kwa sababu inaharibu hata mashine iliyotulia kabatini. Macintosh Classic ina betri ya lithiamu ya volti 3.6, fupi kama nusu ya betri ya kawaida ya AA, iliyokaa kwenye kishikio chake juu ya madabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Zikizeeka, betri hizi huvuja au hupasuka, na majimaji yake hula njia za shaba za bodi na kutia kutu fremu ya bati. Nimefungua Macintosh za umri huo ambazo kwa nje zilikuwa safi kabisa, na ndani hapakuwa na bodi ya kuokoa. Kama baba hakuitoa yake, isisafiri na betri hiyo hata kidogo: joto, mtikisiko na kugeuzwageuzwa njiani vinaweza kuimalizia.

Ila hapa nakuomba jambo moja. Usiifungue Macintosh mwenyewe kama hujawahi kufungua televisheni ya chogo. Inahitaji bisibisi ya Torx T15, ile ya ncha ya nyota, yenye shingo ndefu, kwa sababu skrubu mbili zimejificha ndani kabisa ya mpini wa juu, na ukishaondoa ganda unakutana na tyubu inayofanya kazi kwa maelfu ya volti, inayoweza kubaki na chaji hata ikiwa imezimwa. Tena shingo ya tyubu, ambayo ni kioo chembamba, inakuwa karibu kabisa na mkono wako. Ukiigusa vibaya, umeimaliza. Mpelekee fundi aliyezoea televisheni za zamani, umwambie atoe betri na akuonyeshe hali ya bodi. Kwake ni kazi ndogo.

XT yenyewe haina betri kwenye madabodi, kwa kuwa haikutengenezwa na saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Hata hivyo wengi waliziongezea kadi yenye saa na kumbukumbu ya ziada, na kadi hizo zina betri. Ukiifungua, kagua kadi moja moja. Pentium 4 ina betri ya kitufe ya CR2032, ya volti 3. Hiyo ni nadra kuvuja, lakini itoe pia. Katika usafiri wa anga betri za lithiamu zimo kwenye orodha ya mizigo hatari, zikiwa na namba UN 3090 zinaposafiri peke yake na UN 3091 zinapokuwa na kifaa. Betri za kitufe zilizomo ndani ya kifaa huwa na nafuu kwenye kanuni hizo, lakini mashine isiyo na betri hata moja haina maswali ya kujibu kaunta. Kaka atanunua mpya huko aliko.

Sasa kuhusu kuwasha. Diski kuu za zamani kama ya XT hazirudishi vichwa vyake mahali pa usalama zenyewe umeme unapokatika. Vichwa vinabaki vimelala juu ya sahani popote vilipokuwa, na mtikisiko wa safari unaweza kuvifanya vigonge sehemu yenye data. Ndiyo maana kulikuwa na programu za kuegesha vichwa: unaiendesha, inavipeleka kwenye eneo lisilo na data, nawe unazima hapohapo bila kuandika amri nyingine. Ushauri wa kawaida basi ni kuegesha vichwa kabla ya kusafirisha, na kwa mashine inayowashwa mara kwa mara ni ushauri mzuri. Kwa XT yenu siukubali. Mashine iliyolala miaka mingi inaweza kuwa na kapasita za tantalamu (vipande vidogo vya kutunza chaji) zilizokufa kwenye madabodi au kadi, na ukiiwasha bila kuikagua zinaweza kuleta shoti na hata kupasuka kwa moshi. Kuiwasha siku moja kabla ya safari, bila mtu wa kuikagua, kwa ajili ya kuegesha vichwa tu, naona ni kununua hatari mpya kwa kuogopa ya zamani. Iache imezimwa. Toa diski, uifungashe vizuri kuliko kitu kingine chochote, na kaka atafute mtu wa kuikagua mashine kabla ya kuiwasha.

Ili kuitoa, fungua skrubu za nyuma ya kasha na uteleze mfuniko kuelekea mbele, polepole, ukiangalia usikwaruze kebo bapa zilizo chini yake. Kabla ya kuchomoa chochote piga picha: moja ya mashine nzima, kisha za karibu, kila kebo na mahali ilipochomekwa. Kebo hizo bapa zina mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha upande wa pini namba 1. Hakikisha unaonekana pichani, kwa sababu kaka atauhitaji. Gusa bati lisilo na rangi la kasha kila unapotaka kushika kadi, ili umeme tuli wa mwilini ushuke huko badala ya kupitia kwenye chipu. Diski ina skrubu za ubavuni, na angalia pia chini ya kasha. Skrubu za kila kitu ziweke kwenye kimfuko chake kilichoandikwa zilikotoka.

Diski iingie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ule wa rangi ya fedha unaokuja na vipuri vya kompyuta. Mfuko wa kawaida wa plastiki haufai hapa, na plastiki ya viputo isiguse bodi yoyote iliyo wazi, kwani zote mbili zinazalisha umeme tuli zikisuguana. Juu ya mfuko weka sponji ngumu, unene wa sentimita 5 kila upande, kisha kiboksi kidogo. Kama kuna ndugu anayesafiri kwenda huko, mpe aibebe mkononi. Data iliyomo, kama bado ipo, haipatikani kwingine.

Kadi ndefu, zile zinazokwenda kutoka nyuma ya kasha hadi mbele, zitoe na kuzifunga hivyohivyo, moja moja. Fupi na nyepesi zilizokazwa kwa skrubu ziache mahali pake. Pawa saplai iache, ila kaza skrubu zake. Draivu za flopi za inchi 5¼ zilipokuwa mpya zilisafirishwa na kipande cha kadibodi mdomoni ili vichwa vya kusomea visigongane. Kata chako kutoka kadibodi safi isiyo na vumbi, ukubwa wa flopi, ingiza, funga lachi. Usitumie flopi ya baba yenye kazi zake. Draivu ya Macintosh iache tupu, baada ya kuhakikisha hakuna flopi iliyosahaulika ndani.

Pentium 4 ni rahisi zaidi. Diski zake hurudisha vichwa zenyewe zinapozimwa, na kwa kuwa baba aliitumia hadi mwisho, iwashe mara moja, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, halafu hakikisha nakala inafunguka: picha, barua, kila faili. Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote kwenye mashine hiyo. Baada ya hapo toa diski na kadi ya picha kama ni nzito. Kipoza joto cha prosesa kikiwa kile kidogo kilichokuja na prosesa, chenye vibanio, kiache mahali pake. Kikiwa kirefu na kizito, chenye kununuliwa baadaye, kitoke, lakini usikivute moja kwa moja juu: gundi ya joto ikikauka hushika sana, na prosesa za aina hii huweza kung'oka pamoja nacho pini zikapinda. Kitoe mashine ikiwa bado ina joto la kuwashwa, umeme ukiwa umechomolewa, kwa kukizungusha kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka kiachie.

Nafasi iliyobaki wazi ndani ya makasha hayo mawili ijaze kwa mipira ya karatasi nyeupe isiyo na wino, si kwa kukandamiza, ili kadi zilizobaki na nyaya visicheze. Kisha bandika karatasi juu ya tundu la waya wa umeme, iliyoandikwa kwa herufi kubwa: FUNGUA, TOA KARATASI, KABLA YA KUWASHA. Kibandiko kikae hapo hasa kwenye tundu, kwa sababu mtu hawezi kuchomeka waya bila kukiona.

Sasa monita ya kijani na Macintosh. Naziweka pamoja kwa sababu zote ni za chogo, na ndizo ninazozihofia kuliko nyingine zote. Tyubu ya picha ni kioo kinene na kizito sana kwa mbele, chembamba kwa nyuma, na ndani yake hewa imenyonywa yote. Imeshikwa kwa masikio manne kwenye pembe zake, yaliyokazwa kwenye nguzo za ganda. Nguzo za Macintosh ni za plastiki, na plastiki ya umri huo inaweza kukatika kama biskuti. Boksi likianguka likiwa limesimama au kwa mgongo, uzito wote wa kioo cha mbele unayavuta masikio hayo. Nguzo zikikatika tyubu inarudi nyuma, shingo inagonga, inapata ufa usioonekana, hewa inaingia, na tyubu imekufa. Hakuna fundi wa kuifufua.

Dawa ni kuisafirisha kifudifudi, kioo chini. Ukiilaza hivyo, uzito wa mbele unaegemea sponji moja kwa moja, hauning'inii kwenye masikio tena. Funika kioo kwanza kwa karatasi laini, juu yake kipande cha kadibodi bapa kinachofika kingo zote za fremu, kisha iweke juu ya sponji ngumu ya sentimita 7 au 8. Hapo ndipo pa kuweka sponji nene kuliko pengine. Pembeni sponji ya sentimita 5 inatosha. Upande wa nyuma, ambao sasa uko juu, sponji ishike mabega ya ganda, si ncha ya chogo. Kata tundu katikati ili ncha ibaki wazi isibanwe na kitu. Kama monita ina kitako kinachotoka, kitoe. Nje ya boksi andika "KIOO CHINI" pande zote nne. Ikishindikana kabisa, ubavu ni afadhali kuliko mgongo.

Monita ya XT ina nyaya mbili zisizochomoka nyuma yake, ya umeme na ya picha. Usizizungushe kwenye ganda. Ganda la nje la waya ni plastiki iliyolainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo huhamia taratibu kwenye plastiki nyingine zinazoigusa, hasa kwenye joto, zikaacha alama za kuyeyuka zisizofutika. Zikunje kwa duara kubwa, zifunge kwa karatasi, zilale kando. Waya wa kibodi vilevile. Kibodi ya XT ni nzito, ina bati ndani; ikiachwa huru kwenye boksi la mashine inageuka nyundo. Ipe boksi lake, vibonye vikiangalia juu, na kadibodi bapa juu yake ili hakuna kitu kinachobonyeza kibonye kimoja safari nzima.

Kuhusu vitu vya kufungashia nitasema wazi ninachokipenda na nisichokitaka. Sponji ngumu, ile inayokuja ikiwa imekumbatia vifaa vipya, ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inakuzuia na kisha inarudi ilivyokuwa, ndiyo bora. Sponji laini ya godoro inabonyea yote chini ya mashine ya kilo 14 kama XT na haibaki na kitu cha kutoa boksi likianguka. Plastiki ya viputo vikubwa ni nzuri kwa kuzungushia, tabaka kadhaa, lakini isibebe uzito peke yake, kwa kuwa viputo vya chini hupasuka. Zile punje nyepesi za stairofomu sizitaki kabisa kwa kompyuta: mashine nzito huzama katikati yake njiani mpaka ikafika sakafu ya boksi, na punje hujaa umeme tuli. Magazeti hulaliwa, na wino wake huchafua plastiki ya rangi ya maziwa. Mablanketi yako yana matatizo yote mawili, kulaliwa na umeme tuli, na juu yake hunyonya unyevu.

Tabaka la kwanza linalogusa mashine liwe karatasi laini nyeupe. Halafu mfuko wa plastiki unaofunika mashine nzima, na vifuko viwili vitatu vya silika jeli ndani yake, kwa ajili ya unyevu wa melini au maghalani. Juu ya hapo viputo, kisha sponji. Usizungushe tepu moja kwa moja kwenye ganda. Na ukiona mtu anakushauri kumimina povu linalovimba kujaza nafasi, mkatalie. Likipenya kwenye matundu ya hewa halitoki.

Maboksi yawe mawili kwa kila mashine, moja ndani ya jingine, mapya, yenye kuta za matabaka mawili ya mawimbi. Boksi lililowahi kusafiri limekwisha kupoteza nguvu kwenye kona hata kama linaonekana zima. Chukua XT kama mfano. Kasha lake ni sentimita 50 kwa 41 kwa 14 hivi. Ukiweka sponji ya sentimita 5 kila upande, boksi la ndani linakuwa 60 kwa 51 kwa 24. Ukiongeza tena sentimita 5 kila upande, la nje linakuwa 70 kwa 61 kwa 34, na uongeze kidogo kwa ajili ya unene wa kuta. Utaona ni kubwa kuliko ulivyofikiri, na gharama itapanda, maana wasafirishaji wengi hutoza kwa nafasi mzigo unayochukua ukizidi uzito wake. Usipunguze hapo. Kama lazima upunguze, acha kutuma kitu kinachopatikana popote, kama kipanya na kibodi ya Pentium 4.

Ukishafunga boksi la ndani, litikise. Ukisikia au kuhisi kitu kinasogea, fungua tena. Boksi la nje lifunge kwa tepu pana katikati na kwenye kingo zote mbili za mfuniko, juu na chini. Weka karatasi yenye anwani ndani pia, endapo ya nje itabanduka. Piga picha kila hatua: mashine kabla, sponji ilivyokaa, boksi lililofungwa. Bima nyingi hukataa kulipa kwa madai kwamba mzigo haukufungwa ipasavyo, na picha ndizo jibu lako. Soma pia masharti ya bima kabla ya kulipia, kwa kuwa baadhi hazigusi vitu vya zamani au vya kioo.

Kwa kuwa zinavuka mpaka, kuna jambo la karatasi usilipuuze. Mkataba wa Basel, wa mwaka 1989, unasimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi na nchi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo na sumu, zinahitaji idhini ya nchi husika kabla hazijasafirishwa. Kompyuta za baba si taka, lakini afisa wa forodha anayeona mashine ya mwaka 1983 hana namna ya kujua hilo isipokuwa umwonyeshe. Kwenye fomu usiandike "kompyuta mbovu" wala "vipuri vya zamani". Andika kila kifaa kwa jina lake na mwaka wake, eleza kuwa ni vitu vilivyotumika vya mkusanyiko wa familia vinavyotumwa kwa ndugu ili vitunzwe, na taja thamani ya kweli. Ufungashaji wenyewe ni ushahidi, kwani mojawapo ya mambo yanayotazamwa ili kutofautisha kifaa na taka ni kama kimelindwa kisiharibike njiani. Kaka aulize mapema forodha ya kwao kama wanahitaji karatasi nyingine.

Mwisho, mwandikie kaka haya yaende pamoja na picha. Maboksi yakifika ayaache ndani ya nyumba siku nzima bila kuyafungua, ili vilivyomo vifikie joto la chumba. Kifaa baridi kikikutana ghafla na hewa ya joto hutoa jasho ndani na nje. Atoe karatasi, atoe kadibodi ya draivu za flopi. Chipu zilizokaa kwenye soketi azibonyeze moja moja kwa kidole, taratibu, kwa sababu mtikisiko huzipandisha kidogo. Skrubu zote azikaze. Na kabla ya kuchomeka waya wowote asome kibandiko kilicho nyuma ya kila mashine aone ilitengenezwa kwa volti ngapi, 110 hadi 120 au 220 hadi 240. Pawa saplai ya Pentium 4 inaweza kuwa na kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua kati ya 115 na 230, nacho hujisogeza kirahisi mzigo unaposuguana, kwa hiyo wewe kibandike tepu ya karatasi upande ulio sahihi kwa huko kaka aliko, sasa, kabla hujafunga boksi.